"Usiku Silali": Mazungumzo kwa Mabaraza ya Wazee, Wadi ya Nakalale

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wazee katika wadi ya Nakalale, Turkana Kaskazini. Yanachapishwa hapa ili mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu au kijana yeyote anayejua kusoma aweze kuwasomea wazee wa kwao, akifasiri kwa Kiturkana palipo na haja.



Mazungumzo ya leo yanahusu usiku. Mzee akifika zahanati na kuulizwa anaumwa wapi, hutaja goti, hutaja mgongo, hutaja macho. Akishapewa dawa na kushika fimbo yake aondoke, ndipo husema lile lililomsumbua zaidi: "Na usiku silali." Mara nyingi jibu analopata, zahanati au nyumbani, ni moja: "Huo ni uzee, mzee." Basi hurudi nyumbani nalo, na halitaji tena.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza wazee.

Tuanze na ukweli wake. Mwili unapozeeka, saa yake ya ndani husogea. Usingizi huja mapema jioni na huondoka mapema alfajiri. Usingizi mzito, ule ambao hata mbuzi akilia karibu na sikio mtu hasikii, hupungua. Mzee huamka mara mbili tatu usiku, hugeuka, hulala tena. Hayo si ugonjwa. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu aliyepita miaka 65 anahitaji saa 7 hadi 8 hivi. Sasa hesabuni. Katika boma, giza likishaingia na moto ukipungua, mzee anaweza kuwa amelala saa mbili usiku. Akiamka saa tisa na kuona nyota bado ziko juu, husema usiku mzima hakulala. Lakini kutoka saa mbili hadi saa tisa ni saa 7. Mzee huyo amelala vizuri, ila amemaliza kabla ya wengine kuamka. Anayetaka kuamka saa kumi na moja na alale saa nne, wala asiende kulala saa mbili kisha akaulaumu usiku.

Kuna uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao ulichapishwa mwaka 2017. Watafiti waliwafunga watu wazima 33 vifaa vidogo mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na hivyo karibu kila wakati kulikuwa na mtu aliye macho kambini. Watafiti hao walidhani kwamba usingizi mwepesi wa wazee huenda umewalinda binadamu tangu zamani. Mchungaji yeyote wa Turkana angewaambia hivyo bila kifaa. Fisi akikaribia zizi, anayesikia kwanza ni mzee aliyelaza kichwa kwenye ekicholong yake nje ya mlango.

Kwa hiyo kuamka mapema si kosa, na hakuhitaji kidonge. Mzee anayeamka alfajiri, mwenye nguvu mchana, anayekula, anayecheka na wajukuu, aachwe na usiku wake.

Mzee wa pili ni tofauti. Huyu mchana anasinzia akiwa ameshika kikombe. Anasahau mbuzi wangapi wametoka. Anakasirika bila sababu, au amenyamaza siku tatu. Ameanguka mara moja, labda mara mbili, na hakumwambia mtu. Usingizi wake una kitu kinachouvunja, na kitu hicho kina jina. Kazi ya familia ni kukitafuta. Usingizi mbovu ukikaa miezi huambatana na presha kupanda, kusahau, huzuni na kuanguka. Na mzee akivunjika nyonga Nakalale, kutoka hapa hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni safari ambayo kila mmoja hapa anaijua barabara yake.

Kinachovunja usiku wa wazee wengi zaidi ni kukojoa. Kuamka mara moja ni kawaida, hata mara mbili. Mara nne au tano ni habari ya kupeleka zahanati, kwa sababu inaweza kuwa sukari, hasa kama kiu nayo ni nyingi na mwili unapungua. Kwa wanaume inaweza kuwa tezi dume iliyokua na kubana njia ya mkojo: mkojo unaanza kwa shida, unatoka kidogo kidogo, na mtu anahisi hajamaliza. Inaweza pia kuwa miguu iliyovimba mchana, ambayo maji yake hurudi mwilini mtu anapolala. Na inaweza kuwa dawa. Wazee wengi wa presha wamepewa kidonge cha kutoa maji mwilini, nao hukimeza jioni kwa sababu ndipo wanapokumbuka. Muulizeni aliyewapa dawa kama kinaweza kumezwa asubuhi. Badiliko hilo peke yake limewarudishia wengi usiku wao.

Hapa kuna hatari ambayo lazima isemwe. Mzee akichoka kuamka, huamua kuacha maji. Hunywa kikombe cha chai asubuhi na kingine mchana, basi. Katika joto la Turkana hilo ni jambo baya sana, maana mzee tayari hahisi kiu kama kijana hata mwili wake ukiwa mkavu. Mkojo ukikolea huchoma na humfanya aende mara nyingi zaidi, kizunguzungu huja, na figo huumia. Maji yasipunguzwe, yasogezwe. Mzee anywe kwa wingi kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha apunguze jua likishatua. Vijana mnaobeba jerikeni, jueni kwamba mgao wa mzee unapaswa kumfikia asubuhi. Ukimfikia jioni baada ya wengine wote kunywa, umemfikia saa mbaya.

Na njia ya kwenda kukojoa iangaliwe. Mzee anatoka gizani, macho hayaoni vizuri, miba ya mathenge iko chini, nge na nyoka wako nje wakitafuta baridi kama yeye. Akisimama ghafla kutoka kwenye ngozi, presha hushuka, kichwa kinazunguka, anaanguka. Aamke, akae kwanza kidogo, ndipo asimame. Tochi iwe karibu na mkono wake, isiwe kwa kijana aliyeondoka nayo kwenda kuchaji simu. Nyayo za kuelekea msalani zifagiliwe miba kila jioni. Na pale palipo mbali, kopo lenye mfuniko likae kando ya malazi. Baadhi ya wazee wataona aibu. Kopo limwagwe mapema na mjukuu mmoja asiyesemasema, na aibu itakwisha.

Joto nalo. Nyumba ya mabati imekuwa alama ya maendeleo, na kwa mvua na wezi inafaa. Lakini bati lililopigwa na jua mchana kutwa hubaki na joto lake usiku, na chumba hakipoi mpaka karibu na alfajiri. Usingizi unahitaji mwili upoe kidogo, na mwili wa mzee hupoa polepole kuliko wa kijana. Akina mama waliojenga akai ya miti na makuti walijua walichofanya: upepo unapita. Kwa hiyo mzee aliyejengewa nyumba ya bati na mtoto wake asilazimishwe kulala ndani kwa heshima ya nyumba. Alale nje kama alivyozoea, mahali penye upepo, karibu na watu, chini ya chandarua kilichofungwa kwenye miti minne na kuchomekwa vizuri pembeni. Chandarua si cha mama mjamzito na mtoto peke yao. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikiwekwa shingoni au miguuni kabla ya kulala, husaidia pia usiku ule ambao hata upepo umekataa.

Kulala mchana kunazungumziwa vibaya katika vitabu vya nchi baridi. Hakuna atakayekuja Nakalale saa saba mchana kumwambia mzee aondoke chini ya mti. Jua lenyewe limeshaamua. Ila kuna kupumzika na kuna kulala. Nusu saa ya usingizi mchana haiharibu kitu. Saa tatu za usingizi hadi jua linapoanza kushuka ni usiku uliokopwa, na deni lake hulipwa saa saba za usiku mtu akitazama juu. Kufikia saa tisa mchana mzee awe ameamka. Akiwa na la kufanya, kuhesabu wanambuzi, kusuka kamba, kuamua kesi ya punda aliyeingia shamba la mtu, ni rahisi zaidi. Mzee aliyeondolewa kazi zote kwa kuheshimiwa hulala mchana kwa sababu hakuna anayemuuliza kitu.

Chai ya jioni iliyokolea majani hukaa mwilini saa nyingi. Ya mwisho iwe alasiri. Tumbaku, ya kunusa au ya kutafuna, huamsha moyo ingawa mtumiaji huhisi inamtuliza. Anayeshindwa kuiacha asiitumie saa za kulala, wala asiitafute anapoamka usiku wa manane. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha saa nane akiwa na kiu, mkojo na moyo unaodunda. Haya yanajulikana, tusonge mbele.

Kuna mzee anayekoroma mpaka watoto wanacheka. Msikilizeni kabla ya kucheka. Kama mkoromo unakatika, kimya kinapita, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama aliyetolewa majini, njia yake ya hewa inajifunga akiwa usingizini. Mwenyewe hajui, mke ndiye shahidi. Hali hiyo huandamana sana na presha isiyoshuka kwa dawa, na huwapata zaidi walionenepa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kuhusu Waturkana zaidi ya 1,200, ambao ulionyesha kwamba wanaoishi mijini wana dalili mbaya zaidi za moyo na sukari kuliko wanaoendelea kuchunga. Kwa hiyo wazee waliohamia kwa watoto wao Lodwar au Kakuma, wanaokula chapati na kukaa kitini kutwa, waangaliwe zaidi kwa hili. Huko mjini kuna pia jenereta la jirani, muziki wa baa na taa ya ulinzi inayoingia dirishani usiku kucha. Kulala kwa ubavu husaidia anayekoroma. Kupimwa husaidia zaidi.

Mengine matatu hayasubiri. Mzee anayelowa jasho usiku, anakohoa na kupungua mwili apelekwe kupimwa kifua kikuu, na asiambiwe ni joto. Mzee asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, anayetaka kuegemezwa, huenda moyo wake unachoka. Na mzee aliyeanza ghafla kuchanganyikiwa usiku, anayeita watu waliokufa au kutaka kutoka kwenda asikojua, anaweza kuwa na maambukizi, malaria, ukavu wa mwili au sumu ya dawa. Hajarogwa. Huyo anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo.

Sasa vidonge. Madukani, hata pale panapouzwa sukari na sabuni, kuna vile vidonge vidogo vya mafua na mwasho ambavyo humfanya mtu asinzie. Vijana huwanunulia wazazi wao kwa nia njema: mama halali, mpe viwili. Katika mwili wa mzee dawa hiyo hukaa muda mrefu. Asubuhi bado amelewa, mdomo umekauka, anayumba. Mwanaume mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo kabisa. Anayesahau kidogo husahau zaidi. Vidonge vikali vya kulaza, vile ambavyo havistahili kuuzwa bila karatasi ya daktari, ni vibaya zaidi, maana huleta mazoea na huangusha watu. Aliyekwisha kuvitumia kwa miezi asiviache kwa siku moja. Aende aelezwe namna ya kupunguza. Siku ya kwenda zahanati, kusanyeni dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za mitishamba, mkazimwage mezani. Mara nyingi jawabu huwa ndani ya mfuko huo.

Yamebaki mambo mawili ambayo hayana kidonge, na baraza likiyaacha litakuwa limezungumzia mkeka na kumsahau anayeulalia.

La kwanza ni tumbo. Mwenye njaa halali. Mashauri yote ya usingizi yaliyosemwa hapa hayana maana kwa mama mzee aliyewaachia wajukuu uji na yeye akanywa maji. Akina nyanya wengi wanalea watoto ambao mama zao wamekwenda kutafuta kazi Lodwar au Kakuma. Wanaamka usiku kwa ajili ya kilio cha mtoto, na wanalala bila kula. Mama wa namna hiyo asiandikwe kuwa na tatizo la usingizi. Jina lake lipelekwe kwa chifu na kwa mhudumu wa afya. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama amefika umri huo na hayumo katika orodha, baraza liulize kwa nini.

La pili ni moyo. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Katika mazungumzo ya mchana watu husema "tulipoteza mbuzi" kisha wakahamia habari nyingine. Usiku, mzee huwahesabu mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe. Wapo pia waliopoteza mwana katika uvamizi wa mifugo, na wapo wanaolala jicho moja wazi kwa kuhofia uvamizi ujao. Hofu ya namna hii haiponywi kwa kuambiwa alale. Inapunguzwa vijana wakipokezana zamu ya kukaa macho, na mzee akionyeshwa zamu hiyo kwa macho yake, ajue kwamba akifumba kuna mwingine aliyefumbua.

Lakini kuna huzuni inayovuka mpaka. Mzee anaamka saa nane kila usiku na hapati usingizi tena. Chakula hakitaki. Hataki kuja kwenye mti wa wanaume. Anasema yeye ni mzigo, au kwamba afadhali angekwenda zamani. Maneno hayo yakisikika, asiachwe peke yake, na asikemewe kwamba mwanaume hasemi hivyo. Ni ugonjwa unaotibika, na zahanati itajua ampeleke wapi. Anayekaa naye usiku wa kwanza anaweza kuwa rika lake yeyote. Hana haja ya kujua la kusema.

Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023, na ndani yake mna kipima presha na kipima sukari. Anapofika bomani asiulize tu watoto wako wangapi. Mwulizeni apime wazee pia, na mwambieni jinsi mzee anavyolala. Zahanati ya karibu hutoa huduma ya kwanza kwa aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024. Mzee asiye na simu anaweza kusajiliwa kwa kitambulisho chake akisaidiwa na mhudumu huyo.

Kabla ya kwenda, familia ikae siku saba ikiangalia. Mjukuu aliye shule achukue ukurasa wa daftari na kuandika kila asubuhi: babu amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi na kwa sababu gani, ameamka kabisa saa ngapi, mchana alisinzia kiasi gani, alikunywa nini jioni. Siku ya nane ukurasa huo uende zahanati pamoja na mfuko wa dawa, na mzee aitaje habari ya usingizi kwanza, kabla ya goti.